Vyuma Vilivyokutana Chini ya Mwembe: Uchambuzi wa Kisa cha Kikundi cha Akiba Kilichotafuta Mali ya Mjerumani

Madhumuni ya uchambuzi huu

Kisa hiki kinahusu kikundi cha kuweka na kukopa cha kijiji kimoja magharibi mwa Tanzania, ambacho katika kiangazi kimoja kilitumia sehemu kubwa ya mfuko wake kutafuta masanduku ya dhahabu yanayosemekana kuzikwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliyeonyesha mahali pa kuchimba alikuwa mpimaji anayetumia vyuma viwili vya kushika mkononi, ambavyo wanakijiji waliviita antena. Majina ya watu, ya kijiji na ya wilaya yameondolewa, pamoja na viwango kamili vya fedha. Kilichobaki kimetokana na daftari la mweka hazina, mkataba wa kurasa mbili ulioandikwa kwa mkono, na mazungumzo na wahusika wakiwemo mpimaji mwenyewe na vijana waliochimba.

Walengwa ni viongozi wa vikundi vya akiba, watendaji wa vijiji na maofisa maendeleo ya jamii, yaani watu ambao kwa kawaida huombwa ushauri fedha zikiwa zimeshatoka.

Usuli

Kikundi kilikuwa na wanachama wasiofika thelathini, wengi wao wakulima wa tumbaku na mahindi. Mwaka huo malipo ya tumbaku yalichelewa, ada za shule zilikuwa zinadaiwa, na mikopo midogo ndani ya kikundi ilikuwa imesimama kwa sababu waliokopa hawakuwa na cha kurejesha. Fedha zilizokuwa ndani ya sanduku zilikuwa zimelala, na mjumbe mmoja wa kamati alinieleza bila kuficha kwamba fedha iliyolala ndiyo iliyowatia vishawishi.

Chanzo kilikuwa shimo la choo. Mwanachama mmoja alipokuwa akilichimba nyuma ya nyumba yake alikuta sarafu kadhaa za shaba njano, zenye taji upande mmoja, mwaka 1916 na herufi T. Habari ilienea siku hiyo hiyo kwamba rupia za Mjerumani zimeonekana, na mzee mmoja wa ukoo ulioishi hapo tangu zamani akakumbusha simulizi ya babu yake, aliyekuwa mpagazi: masanduku saba ya dhahabu, kila moja likibebwa na watu wanne, yalizikwa usiku karibu na mwembe mkubwa, kisha wapagazi wote wakapigwa risasi ili siri isitoke. Hakuna aliyemuuliza mzee, kwa heshima au kwa kutokufikiri, namna babu aliyepigwa risasi alivyorudi nyumbani kusimulia.

Si haki kuliona jambo hili kuwa upuuzi mtupu, kwa maana historia yenyewe inalipa nguvu. Koloni la Ujerumani lilipozingirwa baharini, sarafu zilipungua, na mwaka 1916 Wajerumani walianzisha mtambo wa kutengeneza fedha Tabora. Herufi T iliyo kwenye sarafu hizo ni alama ya mji huo. Zilitoka heller (sarafu ndogo, sehemu ya mia ya rupia) za shaba, na pia sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo na mlima, zilizotengenezwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na Wajerumani wakawa wameshaondoka kuelekea kusini. Tena inajulikana kwamba walikuwa na desturi ya kuficha vitu ili wavirudie: meli ya Graf von Götzen waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika mwezi Julai 1916 wakiwa wamezipaka injini zake grisi, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 ilitengenezwa ikarudi majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikaendelea kubeba abiria kwa miongo mingi. Mtu aliyekulia karibu na Kigoma au Tabora akisikia kwamba Mjerumani alificha mali, ana sababu ya kutega sikio.

Hata hivyo hesabu rahisi ingetosha kuipima simulizi ya mzee. Sarafu za dhahabu zilizotengenezwa Tabora zilikuwa takriban 16,000, kila moja ikiwa na uzito wa gramu saba na kidogo, kwa hiyo zote kwa pamoja hazifiki kilo 120. Mpagazi wa safari za zamani alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, na sanduku la watu wanne basi ni kilo 100, na masanduku saba ni kilo 700, yaani karibu mara sita ya dhahabu yote iliyopata kupigwa chapa Tabora. Ama zile heller za shaba, zile za 20 peke yake zilitengenezwa zaidi ya milioni moja, zikawa fedha za sokoni za kila siku. Kuzikuta chini ya ardhi katika eneo hilo kunaonyesha kwamba palikuwa na watu waliouza, walionunua na waliotunza akiba zao chini ya sakafu ya nyumba, mpaka utawala ulipobadilika na fedha hiyo ikakataliwa. Hesabu hii haikufanywa na mtu yeyote kabla ya kuchimba.

Mtiririko wa matukio

Mpimaji aliletwa na shemeji wa mwenyekiti wa kikundi. Hakuwa mtu wa kutiliwa shaka kwa sura wala kwa maneno: alikuwa mtu mzima, mpole, anayejulikana katika wilaya jirani kwa kuonyesha mahali pa kuchimba visima, na watu walioyanywa maji ya visima hivyo walikuwepo kumshuhudia. Vifaa vyake vilikuwa vyuma viwili vya kuchomelea vilivyokunjwa umbo la herufi L, mkono mfupi wa kila kimoja ukiwa umeingizwa ndani ya kipande cha bomba la plastiki ili ngozi isiguse chuma. Kipande hicho cha bomba ndicho kilichowashawishi waliokuwa na wasiwasi. Kila aliyetazama alijiridhisha kwamba mkono haushiki chuma, kwa hiyo kikigeuka kimegeuzwa na kitu kingine.

Alitembea polepole kutoka kwenye shimo la choo kuelekea upande wa mwembe, vyuma vikiwa vimenyooka mbele yake kama vishikio vya baiskeli, na alipofika hatua chache kutoka kwenye shina vilisogea vikakutana. Alirudi akapita kutoka upande mwingine, vikakutana tena mahali pale pale. Kisha akaviuliza kina kwa kuhesabu kwa sauti, mita moja, mita mbili, mita tatu, na kwa tatu vikakutana. Watu walioshuhudia walikuwa wengi, na wote walikuwa wameshaisikia habari ya mwembe kabla yake. Naye alikuwa ameisikia, maana alilala nyumbani kwa shemeji huyo usiku uliotangulia.

Mkutano wa kikundi ulifanyika jioni ile ile. Mkataba uliandikwa kwamba mpimaji atapata theluthi moja ya mali itakayopatikana na kwamba hatalipwa ujira wowote kabla ya hapo isipokuwa nauli na chakula; kikundi kitabeba gharama zote; na vijana watakaochimba "watafikiriwa". Hapakuwa na kifungu kinachosema kazi itasimama lini iwapo hakuna kitakachoonekana.

Shimo la kwanza lilifika mita tatu likakuta changarawe nyekundu, kisha udongo mweupe mgumu. Mpimaji alishushwa ndani kwa kamba, akapima, akasema mali imeshuka hadi mita tano, kwa sababu mali ya muda mrefu huzama inaposikia majembe. Kwa mita tano hapakuwa na kitu. Akapima tena juu, na safari hii vyuma vilikutana hatua kadhaa upande wa magharibi. Mali imehama.

Daftari la mweka hazina linaonyesha mabadiliko ya kazi hii vizuri kuliko shahidi yeyote. Kurasa za mwanzo zina majembe mawili, sururu, kamba, ndoo, unga na maharage ya wachimbaji. Baada ya kuhama kwa mali mwandiko ni ule ule lakini vitu ni vingine: mbuzi mweupe asiye na doa, shuka nyekundu, ubani, nauli ya kumfuata mganga wa kuwatuliza wenyewe wa mali, kuku wa mganga, na pembeni kwa herufi ndogo, "risiti hakuna". Mpimaji ananiambia hakuomba mganga. Waliomtaka ni wanachama, kwa kuwa kuhama kwa mali kulikuwa kumeshawafungulia mlango huo.

Shimo la pili lilichimbwa bila matimba, yaani mbao za kuzuia kuta zisianguke. Mvua ya kwanza iliponyesha usiku, ukuta wake wa upande mmoja ulianguka na kujaza karibu nusu ya shimo. Hapakuwa na mtu ndani, kwa sababu tu ilikuwa usiku.

Kipimo cha tatu kilielekeza kwenye kaburi la mawe lililo pembezoni mwa kijiji, ambalo watu husema ni la askari wa Kijerumani. Hapo mwenyekiti wa kijiji, ambaye hadi wakati huo alikuwa amekaa kando kwa kuwa ndugu zake wawili walikuwa wanachama, aliingilia kati akakataza mtu yeyote kugusa jiwe lolote.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutoa fedha ulifanywa kwa kunyoosha mikono, mzee mwenye simulizi akiwa ameketi mbele. Katiba ya kikundi iliruhusu mikopo kwa wanachama na mfuko wa jamii kwa misiba na maradhi, haikuruhusu uwekezaji. Kamati iliuzunguka mpaka huo kwa kuandika fedha hizo kama mkopo wa mwenyekiti, naye akakubali kutia sahihi kwa imani kwamba utarejeshwa mara mia. Sababu iliyotolewa katika kumbukumbu za mkutano ni kwamba mpimaji hadai malipo, kwa hiyo hawezi kuwa tapeli. Hoja hii ilizima maswali yote, na nitairudia baadaye.

Uamuzi wa kuendelea baada ya shimo la kwanza ulikuwa mwepesi zaidi kuliko ule wa kuanza. Wanachama watatu niliozungumza nao walitumia maneno yanayofanana, kwamba wasingeweza kuacha fedha yote ile ndani ya shimo. Hakuna aliyeona kwamba fedha ile ilikuwa imeshatoka kwa vyovyote vile, na kwamba swali lililokuwa mezani lilihusu fedha iliyobaki.

Uamuzi wa mwenyekiti wa kijiji ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila kibali, na ingawa hakuwa na hakika kama kaburi lile limo katika orodha yoyote, hakutaka kijiji chake kiwe mahali pa kulijaribu jambo hilo. Ya pili aliieleza kwa kifupi mbele ya kikundi: "Kaburi ni kaburi. Awe Mjerumani, awe nani, amezikwa."

Hatimaye mweka hazina, mama wa makamo aliyekuwa amepinga kwa upole tangu mwanzo, alikuja na pendekezo ambalo halikumvunjia mtu heshima. Hakusema fundi ni mwongo. Alisema kabla ya shilingi nyingine kutoka, fundi awaonyeshe vyuma vinavyofanya kazi kwa kitu ambacho wao wanajua kipo, lakini yeye hajui kipo wapi. Mpimaji alikubali papo hapo, na kwa furaha.

Jaribio la uwanja wa shule

Mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi ndiye aliyelipanga. Ndoo kumi za plastiki zilifunikwa chini juu kwenye uwanja, zikiwa zimeachana hatua tano tano. Ndani ya sufuria ndogo ziliwekwa zile sarafu za shaba, makufuli mawili na bangili za wanachama, na mpimaji mwenyewe alichagua vitu hivyo akisema vinatosha kabisa. Kwanza alipita uwanjani pasipo sufuria ili kuhakikisha kwamba ardhi yenyewe haina kinachovuta vyuma, akaridhika. Kisha sufuria ikawekwa chini ya ndoo mbele ya macho yake, akapita mara kadhaa, na kila mara vyuma vilikutana juu ya ndoo ile. Wanachama walipiga makofi.

Sehemu ya pili ilikuwa tofauti kwa jambo moja tu. Mwalimu aliokota karatasi yenye namba kutoka kwenye kofia, akaweka sufuria chini ya ndoo ya namba hiyo wakati wengine wote wako upande wa pili wa jengo, kisha akaingia darasani akafunga mlango. Mpimaji aliletwa uwanjani na mtu mwingine ambaye naye hakujua. Hili lilikuwa wazo bora kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu mtu anayejua jibu hulitoa bila kusema neno, kwa kutupa jicho, kwa kupunguza mwendo au kwa kuvuta pumzi. Raundi zilikuwa kumi. Kabla ya kuanza iliandikwa, na mpimaji akatia sahihi, kwamba akipata tano au zaidi kikundi kitaendelea naye. Kwa kubahatisha tu mtu angetarajia kupata moja, na kupata tano kwa bahati hutokea mara moja hivi katika majaribio mia sita. Yeye mwenyewe alisema atapata nane au tisa.

Alipata moja.

Sababu zilianza kutolewa na watazamaji kabla hata hajasema chochote: watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, mali iliyozikwa miaka mia ina mvuke ambao sufuria ya asubuhi haina. Mweka hazina alimgeukia mpimaji mwenyewe. "Fundi, kama sufuria haina mvuke, mbona ulipoiona vyuma vilikutana?" Mpimaji alivitazama vyuma vyake kwa muda. "Sijui, mama. Na mimi nimeona."

Matokeo

Kazi ilisimamishwa siku hiyo. Fedha iliyotumika ilikuwa zaidi ya theluthi moja ya mfuko, na mgao wa mwisho wa mwaka ulipunguzwa kwa kiasi hicho kwa kila mwanachama, hata kwa wale ambao hawakunyoosha mkono. Mwenyekiti wa kikundi alijiuzulu huku jina lake likibaki kwenye mkopo. Mashimo yalifukiwa kwa amri ya serikali ya kijiji baada ya ng'ombe mmoja kutumbukia. Wanachama wachache walitaka mpimaji ashtakiwe, lakini polisi walipoeleza kwamba ili liwe kosa la udanganyifu lazima ionyeshwe kuwa alijua anachosema si kweli, jambo hilo liliachwa.

Uchambuzi

*Kwa nini vyuma hutembea*

Chuma cha umbo la L kinachoshikwa mlalo hakina utulivu. Ncha yake ikiinama chini kidogo hutulia mbele, lakini mkono ukizunguka kwa kiasi ambacho jicho halikioni, uzito wa chuma hukivuta kando, na vyuma viwili vikivutwa ndani hukutana. Kipande cha bomba la plastiki hakizuii jambo hili, bali hulizidisha kwa kuondoa msuguano wa ngozi. Kinachozungusha mkono ni misuli inayotii wazo kabla ya mwenye nayo kutambua. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alilichunguza kwa kutumia pendulumu, yaani kitu kizito kinachoning'inia kwenye uzi, akaeleza mwaka 1833 kwamba ilisimama kutembea macho yake yalipofungwa, na mwaka 1852 daktari Mwingereza William Carpenter akalipa maelezo ya kitabibu. Kwa hiyo mpimaji anaposema hakuvigeuza, anasema kweli kadiri anavyojua.

Jaribio la uwanja wa shule, kwa udogo wake, lilikwenda sawa na majaribio makubwa. Mwaka 1987 na 1988 karibu na Munich watafiti waliokuwa na mwelekeo wa kuamini walichuja wapimaji mia tano hivi wakabakiza 43 waliowaona kuwa bora, wakawafanyisha majaribio 843 ya kutafuta bomba la maji lililosogezwa sehemu ya chini ya ghala huku wao wakiwa juu. Watafiti walitangaza kwamba wachache kati yao wana kipaji. Mwanasayansi Jim Enright alipozirudia takwimu hizo baadaye alionyesha kwamba hata hao wachache hawakuweza kurudia matokeo yao wenyewe. Mwaka 1990 huko Kassel, Ujerumani, wapimaji 30 walijaribiwa baada ya kila mmoja kukubali masharti, nao walipata kile ambacho kubahatisha kungewapa.

*Sifa iliyohamishwa kutoka majini*

Kosa la kwanza la kikundi lilikuwa kuzichukua shuhuda za visima kama shuhuda za dhahabu. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi hayapiti kwenye mishipa myembamba ambayo mtu anaweza kuikosa kwa hatua mbili. Yameenea ndani ya tabaka la mchanga au mwamba uliopasuka, na katika sehemu hizo anayechimba vya kutosha kwa kawaida atayapata. Hakuna mtu aliyewahi kuchimba kisima mahali ambapo vyuma vilikataa, ili kulinganisha. Mpimaji alikuwa na historia ndefu ya kufaulu katika kazi ambayo ni vigumu kushindwa, akaibeba imani hiyo hadi kwenye kazi ambayo karibu haiwezekani.

*Mali inayohama*

Tangu shimo la kwanza halikuwepo tukio lolote ambalo lingeweza kuhesabiwa kuwa vyuma vimekosea. Mali isipoonekana, imeshuka, isiposhuka, imehama, isipohama, wenyewe wamekasirika. Tabia hii si ya kijiji hiki wala si ya Afrika. Mwaka 1634 jijini London kundi la waungwana, akiwemo mnajimu William Lilly, liliruhusiwa kuingia usiku katika kanisa la Westminster Abbey na vijiti vya mti wa hazeli kutafuta hazina. Vijiti vilipokutana wakachimba wakakuta jeneza, halafu upepo mkali ukavuma wakatoka kwa hofu, na Lilly akaandika baadaye kwamba kazi iliharibika kwa sababu watu walikuwa wengi mno na baadhi yao walicheka. Ni udhuru ule ule uliosikika kwenye uwanja wa shule, na kilichouzima pale ni karatasi iliyotiwa sahihi kabla sufuria haijawekwa.

*Mkweli huchelewa kugunduliwa kuliko tapeli*

Hapa ndipo naitofautisha tathmini yangu na ya wengi waliokijadili kisa hiki. Walinzi wa vikundi hufundishwa kumtafuta tapeli: anayetaka malipo ya mapema, anayekataa maandishi, anayeharakisha. Mpimaji huyu hakuwa na dalili hata moja. Alipoteza msimu wake wa kilimo, alilala kwenye mkeka, alikubali kila sharti. Lau angekuwa tapeli, pengine shauri lingeisha siku ya kwanza kwa kudai kitangulizi na kukataliwa. Utapeli wa kweli katika fani hii upo, tena mkubwa: Mwingereza James McCormick aliuza vifaa vya antena vilivyoitwa ADE 651 kama vigunduzi vya mabomu, vikatumika kwenye vizuizi vya barabarani nchini Iraki, na mwaka 2013 akafungwa miaka kumi kwa udanganyifu. Lakini kigezo cha unyofu wa mtu hakisemi lolote kuhusu usahihi wa chombo chake, na kikundi kilipomuuliza mtu kama ni mwaminifu kilikuwa kimeacha kuuliza kama vyuma vinaona.

*Yaliyosaidia*

Daftari la mweka hazina lilifanya gharama ionekane, na ni kwa kuzisoma zile kurasa za mbuzi na ubani mbele ya mkutano kwamba baadhi ya wanachama walishtuka. Katazo la mwenyekiti wa kijiji lilikuja kwa kuchelewa, ila lilikuwa halina masharti, na liliwapa watu sababu ya kusimama bila mtu kuonekana mwoga. Jaribio lilifaulu kwa kuwa halikumfedhehesha mpimaji: alichagua vitu, alikagua uwanja, alipanga kiwango cha kufaulu pamoja na wengine, na kwa hiyo hakuwa na pa kulaumu. Lingegharimu asubuhi moja hata kama lingefanywa kabla ya shimo la kwanza.

*Yaliyoshindikana*

Kutumia ditekta ya kawaida ya wachimbaji wadogo, yaani kifaa cha umeme cha kugundua metali ardhini, hakukujadiliwa. Ditekta haifiki mita tano. Sarafu moja huiona kwa kina cha sentimita thelathini hivi, na sanduku kubwa la chuma kwa mita moja au zaidi kidogo. Lakini kwa kukodi siku moja wangejua kama eneo la choo na mwembe lina sarafu nyingine, na jibu hilo lingewaambia kama wanachokichimba ni hazina au sakafu ya nyumba ya zamani. Sarafu zenyewe hazikuonyeshwa kwa ofisa yeyote wa mambo ya kale, na sasa zimetawanyika mikononi mwa watu.

Usalama wa mashimo ulisahaulika kabisa. Wilaya zenye wachimbaji wa dhahabu haziko mbali, na kijana yeyote aliyefanya kazi huko angewaambia kwamba shimo la zaidi ya kimo cha mtu linahitaji matimba. Wawili kati ya wachimbaji walijua, wakanyamaza kwa sababu mbao zingekatwa kwenye chakula chao.

Ndipo tunafikia wale vijana. Wanachama walipoteza akiba, lakini akiba ile ilikuwa imeandikwa na mgao wake ulipunguzwa kwa utaratibu. Vijana watano walichimba kiangazi kizima kwa unga, maharage na neno "watafikiriwa", na kazi iliposimama kamati iliwaambia kwamba hapana mali, kwa hiyo hapana cha kufikiria. Wao walidai kwamba hawakuwa wabia wa hazina bali vibarua, na kwamba kibarua hulipwa shimo likiwa na dhahabu au halina. Mtendaji wa kata aliwasikiliza pande zote mbili, akakubaliana na vijana kuhusu msingi wa dai, kisha akawapatanisha kwa ujira wa siku ulio nusu ya ule wa kupalilia tumbaku, utakaolipwa baada ya mauzo ya msimu unaofuata. Mpaka uchambuzi huu unaandikwa watatu wamelipwa. Wawili waliobaki wamemfuata mpimaji kwenye kijiji kingine, ambako anaonyesha mahali pa visima, nao wanamchimbia kwa malipo ya kila mita.